Kumpa Jirani Kufuli: Je, Ni Kosa?

Tuliulizwa katika darasa letu suala ambalo hatukulijibu siku ile ile, kwani tuliona ni bora kulitazama kwa utulivu kabla ya kulitolea neno. Muulizaji ni kijana fundi wa kompyuta, naye alisema: "Sheikh, mimi hufanya kazi kwa programu ambazo wenyewe waliozitunga wamezitoa bure kwa watu wote. Nimesoma kwamba serikali ya Marekani ilikuwa imekataza programu hizi zisipelekwe nje zikiwa na ilimu ya kuficha maandishi, na mwenye kuzipeleka alihesabiwa kama mtu aliyesafirisha silaha bila ya ruhusa. Katika mafundi wa wakati huo wako walioitii amri, wako walioipinga mbele ya mahakimu, na wako walioizunguka kwa siri. Je, ni nani katika hao aliyekuwa na haki?"

Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Waliona hili ni jambo la Wazungu na mashine zao, na sisi watu wa pwani tuna yetu ya kutushughulisha. Sisi hatukucheka. Tulimwambia mmoja wa waliocheka aitoe simu yake mfukoni, kisha tukamuuliza: "Fedha zako ziko wapi?" Akasema: "Humu." "Na maneno uliyoandikiana na mkeo?" Akasema: "Humu humu." "Na ni nani aliyekutilia kufuli hata asiyasome kila apitaye?" Hapo alinyamaza. Basi makala haya ni jawabu ya kijana yule, na pia ni jawabu ya yule aliyenyamaza.

Yapasa kwanza tuyafahamu maneno, kwani watu wengi hugombana juu ya jambo ambalo hawakuijua maana yake. Kompyuta, na simu za leo ni kompyuta, haiwezi kufanya lolote mpaka iwe na programu ya msingi iitwayo mfumo endeshi. Juu ya msingi huo ndipo husimama programu nyengine zote, kama kuta na dari zisimamavyo juu ya msingi wa nyumba. Iko mifumo endeshi ambayo wenyewe huiuza na kuficha jinsi ilivyotengenezwa. Na iko ambayo huitwa huria: wenye kuitunga huyatoa nje maandishi yenyewe waliyoyaandika, yaitwayo msimbo chanzo, ili kila atakaye ayasome, ayatengeneze, na amgawie mwenziwe. Linux ilianza mwaka 1991 kwa mkono wa kijana wa Ufini, Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka 1993 walianza watu wa Debian, ambao huikusanya Linux pamoja na maelfu ya programu nyengine na kuzigawa bure. Na mwaka 1995 Theo de Raadt alianzisha OpenBSD katika mji wa Calgary, Kanada. Simu za Android, ambazo ndizo zilizoenea sana katika miji yetu, zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hivyo watu hawa, ambao wengi wetu hatukuwahi kuyasikia majina yao, wamo katika mifuko yetu.

Ama kuficha maandishi, au usimbaji kama wanavyouita mafundi, ni kuyageuza maneno yawe fumbo asiloweza kulifumbua ila mwenye ufunguo wake. Si ilimu iliyozaliwa jana, wala haikuzaliwa Marekani. Katika karne ya tisa ya miladi, mjini Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala ya namna ya kuyafumbua maandishi ya siri: uzihesabu herufi za fumbo, na ile inayorudi mara nyingi zaidi uilinganishe na herufi inayotumika mara nyingi zaidi katika lugha ile. Hiyo ndiyo risala kongwe kabisa ijulikanayo ya kueleza njia hii. Basi ilimu hii ya kufunga na kufungua imetembea kutoka kaumu hata kaumu kwa zaidi ya miaka elfu moja, nayo haikuwa ikiulizwa pasi mpakani.

Ufunguo wa siku hizi ni hesabu, na nguvu zake hupimwa kwa urefu wake, kwa kipimo kiitwacho biti. Kila ikiongezwa biti moja, hesabu ya funguo ambazo mwizi hana budi kuzijaribu huzidi mara mbili. Kufuli la biti 40 lina funguo kiasi cha trilioni 1.1 za kujaribiwa; ni nyingi kwa mkono wa mwanadamu, lakini ni chache kwa mashine. Kufuli la biti 128 lina funguo ambazo hesabu yake huandikwa kwa tarakimu 39, na hizo hapana mashine iwezayo kuzimaliza.

Sasa tuitazame amri yenyewe. Marekani ina sheria ya mwaka 1976 ya kudhibiti silaha zinazopelekwa nje, na chini yake kuna orodha ya vitu ambavyo havitoki ila kwa ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Nje. Katika orodha hiyo, pamoja na vifaru, mizinga na ndege za vita, zilitiwa programu za usimbaji. Ndani ya Marekani mtu aliruhusiwa kutumia kufuli kubwa kadiri apendavyo. Lililokatazwa ni kulitoa nje au kumpa mgeni. Makampuni yaliyotaka kuuza nje yalipata ruhusa kwa makufuli madogo, na mara nyingi ni ya biti 40. Kwa hivyo kampuni ya Netscape, ambayo kivinjari chake kilikuwa mashuhuri sana katika miaka ya 1990, ilikuwa na aina mbili za kivinjari hicho: moja ya biti 128 kwa Wamarekani, na moja ya biti 40 kwa walimwengu waliobaki. Sisi wa Mombasa tulikuwa katika hao waliobaki.

Amri hii iliwalemea zaidi watu wa programu huria. Kampuni inayouza humjua mnunuzi wake, na yaweza kuomba ruhusa kwa jina lake. Lakini mtu anayeiweka kazi yake hadharani ili aichukue kila atakaye, atamwombea ruhusa nani? Hata kama hakupokea senti moja, kuiweka kazi yake mahali ambapo mgeni aweza kuichukua kulihesabiwa ni kuipeleka nje.

Insafu yatutaka tuieleze hoja ya serikali kama wao wenyewe walivyoieleza, wala tusiifanye ya kipumbavu. Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza na Wamarekani walizifumbua siri za majeshi ya Ujerumani na Japani, na jambo hilo liliwasaidia kushinda. Serikali iliyoonja faida ya kuzisoma barua za adui wake haipendi kuona adui yule amepewa kufuli lisilovunjika, tena kwa bure. Na mlinzi wa mji ana wajibu wa kuulinda mji. Hili ni kweli, nasi hatulikanushi. Lakini hukumu haitolewi kwa kutazama nia peke yake. Hutazamwa pia kama amri ile yaifikia nia ile, na ni nani anayelipa gharama yake. Tukiipima amri hii kwa vipimo hivyo viwili, twaiona imepungua kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kwamba ilikataza kutolewa jambo ambalo lilikuwa limekwisha kutoka. Mwaka 1994 mhandisi Phil Karn aliiuliza serikali kama aweza kukipeleka nje kitabu cha Bruce Schneier kiitwacho Applied Cryptography, ambacho kimechapwa ndani yake msimbo wa programu za usimbaji. Akajibiwa kwamba kitabu chaweza kutoka. Kisha akauliza juu ya diski yenye msimbo ule ule uliomo kitabuni. Akajibiwa kwamba diski haiwezi kutoka bila ya ruhusa, kwani imo katika orodha ya silaha. Jamani! Maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Yakiwa juu ya karatasi ni ilimu, yakiwa juu ya diski ni mzinga. Je, adui wa Marekani ni mvivu kiasi cha kutoweza kukaa kitako akayanakili?

Na kunakili huko kulifanywa hasa. Mwaka 1997 msimbo wa programu ya PGP, ambayo tutaieleza mbele, ulichapwa katika vitabu vya kurasa zaidi ya 6,000, vikatoka Marekani kwa njia ya halali, na huko Ulaya watu zaidi ya 70 wakazipitisha kurasa zile katika mashine za kusoma maandishi na kuzisahihisha, mpaka karatasi zikarudi kuwa programu. Ilimu haikuzuiwa. Kilichopotea ni wakati wa watu hao.

Ya pili ni kwamba iliwadhuru watiifu, na waovu haikuwagusa. Mtu mwenye nia mbaya haendi wizarani kuomba leseni. Lakini watu wa Debian, kwa kuwa walitaka kufuata sheria, waligawanya ghala lao mara mbili: programu nyengine zikae katika ghala kuu, na zenye usimbaji zikae katika ghala jengine nje ya Marekani, huko Uholanzi. Aliyetaka mfumo uliokamilika ilimlazimu abishe hodi katika maghala mawili. OpenBSD, kwa kuwa iko Kanada, ambako sheria haikuwabana watoaji wa programu huria, iliutia usimbaji ndani ya mfumo wake. Lakini haikupokea kazi ya usimbaji iliyoandikwa katika ardhi ya Marekani, na katika mafundi wake waliokaa Marekani wako waliovuka mpaka kwenda Kanada ili wayaandike huko yale ambayo wangeweza kuyaandika mezani kwao nyumbani. Na programu ya SSH, ambayo kwayo fundi huingia katika kompyuta iliyo mbali bila ya neno lake la siri kuibwa njiani, ilitungwa Ufini na Tatu Ylönen mwaka 1995. Kutokana na hiyo watu wa OpenBSD walitengeneza OpenSSH mwaka 1999, nayo leo yatumika katika dunia nzima, na Marekani kwenyewe. Basi nchi iliyoogopa ilimu isitoke kwake ikawa yaipokea kutoka kwa wengine.

Ya tatu, nayo kwetu ndiyo kubwa, ni kwamba ilimpa mtu kufuli bovu huku yeye akidhani ni zima. Mwezi wa Agosti 1995, Mfaransa Damien Doligez alilivunja fumbo la biti 40 la Netscape kwa siku 8, kwa kutumia kompyuta kiasi cha 120. Januari 1997 Ian Goldberg, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alivunja fumbo jengine la biti 40 kwa muda wa saa tatu na nusu. Na Julai 1998 jumuiya ya Electronic Frontier Foundation ilionyesha mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000, ikalivunja fumbo la biti 56 kwa saa 56. Sasa mfikirie mfanyabiashara wa mji mwengine wowote nje ya Marekani wakati ule, anayeandika hesabu ya benki yake na kuona katika kioo cha kompyuta picha ya ufunguo, akatulia moyo. Angaliambiwa kwamba mlango hauna kufuli, angalijihadhari. Lakini aliambiwa umefungwa.

Wala madhara haya hayakuishia kwa wageni. Amri ilipolegezwa, makufuli yale mabovu yalibaki ndani ya programu nyingi kama mlango wa uani uliosahauliwa. Machi 2015, miaka 15 baadaye, wataalamu walitangaza tundu walilolipa jina la FREAK: mtu aliyejiweka njiani kati ya kompyuta mbili aliweza kuzihadaa zikatumia ufunguo ule dhaifu uliotengenezwa kwa ajili ya wageni, nao wakati huo uliweza kuvunjwa kwa saa chache kwa kompyuta za kukodi. Katika tovuti zilizokutwa na udhaifu huo ilikuwamo ya NSA, idara ya Marekani ambayo kazi yake hasa ni kusikiliza na kufumbua. Wazee wetu wamesema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Huenda mtu akasema: "Ninyi mwawatetea wenye siri, na mwasahau wezi na wauaji, ambao nao hujificha nyuma ya kufuli hilo hilo." Tutamjibu kwamba hatuwasahau. Kufuli humfaa mwizi kuficha alichoiba kama limfaavyo mwenye duka kulinda alichochuma. Tena twakubali kwamba yako maovu ambayo yangaligunduliwa mapema lau barua zote zingalikuwa wazi, na walioumizwa na maovu hayo wana haki ya kutuuliza. Mwenye kudai kwamba hapana gharama hasemi kweli.

Lakini tazama ni kitu gani kinachotakwa badala yake. Lau kingalikuwa ni kuipekua nyumba ya mtuhumiwa mmoja kwa amri ya hakimu, tungalikubali, na hilo lawezekana bila ya kuharibu kufuli la mtu mwengine. Kinachotakwa ni kwamba nyumba zote za mji zitiwe makufuli dhaifu, ili siku moja ikihitajika kuingia nyumba moja iwe rahisi. Na kufuli halina macho. Halimjui askari likamfungukia, wala halimjui mwizi likamkatalia. Udhaifu uliotiwa kwa ajili ya mwema utatumiwa na kila atakayeujua, na hapana njia ya kuuficha milele. Kisha yule mwovu ambaye kwa ajili yake mji mzima umedhoofishwa, yeye huenda akajitengenezea kufuli lake zima kutoka katika kitabu, kwani tumeona kwamba kitabu kiliruhusiwa. Wakabaki na makufuli mabovu ni wale tu wasiokuwa na hatia. Dhuluma ya amri hii ni hapo: madhara yaliyokusudiwa kwa mwovu huangukia asiye na kosa, na mwovu hupita.

Sasa turudi kwa suala la kijana wetu. Tukisema amri ilikuwa mbaya, bado hatujasema kwamba kila aliyeivunja alifanya vizuri. Hayo ni mambo mawili, na watu wetu hupenda kuyachanganya. Yuko mtu ambaye akiona sheria moja imekosea huichukua kuwa ruhusa ya kuzidharau sheria zote. Na yuko ambaye akiitwa mtiifu hutosheka, akanyamaza kimya hata kama amri yawadhulumu wenziwe. Tuwatazame basi wale watu kwa makundi yao.

Kundi la kwanza ni la waliotii bila ya kukubali, na mfano wao ni watu wa Debian. Waligawanya ghala lao, wakasema wazi kwa nini wamegawanya, na kila aliyefika akaiona sababu. Hawakusema uongo, wala hawakujifanya wameridhika. Ghala lile la pili lilikuwa ni shahidi: kila aliyelazimika kuligeukia alijua kwamba kuna amri iliyomsumbua.

Kundi la pili ni la waliokwenda mbele ya mahakimu. Daniel Bernstein alikuwa mwanafunzi huko Berkeley, naye alitunga programu ya usimbaji akataka kuitangaza pamoja na maelezo yake, kama ilivyo desturi ya wanazuoni kutoa matunda ya utafiti wao. Akaambiwa kwamba yampasa kupata leseni kama mfanyabiashara wa silaha. Mwaka 1995 akaishitaki serikali yake. Na huko Ohio mwalimu wa sheria Peter Junger alishitaki pia, kwani alitaka kuweka programu za usimbaji katika tovuti yake kwa ajili ya mafunzo. Hoja yao ilikuwa moja: msimbo ni maandishi, mwanadamu huyaandika na mwanadamu mwengine huyasoma akafahamu, basi kumtaka mtu aombe ruhusa kabla ya kuyatoa ni kuufunga mdomo wake.

Kundi la tatu ni la waliotoa kwanza, kisha wakasimama kupokea yatakayowafika. Phil Zimmermann aliitunga PGP na kuitoa bure mwaka 1991, ili mtu wa kawaida aweze kuifunga barua yake. Programu ikaenea, ikavuka mipaka. Tangu mwaka 1993 alichunguzwa kwa kosa la kupeleka silaha nje, akakaa na hofu ya gereza mpaka Januari 1996, uchunguzi ulipofungwa bila ya yeye kushitakiwa. Hakulikana jina lake juu ya kazi yake.

Kundi la nne ni la waliopeleka kwa kificho. Mwaka 1994 chuo cha MIT kilipolitoa toleo jipya la PGP kwa watu wa Marekani na Kanada peke yao, mara lilionekana Ulaya, na aliyelipeleka hakujitaja.

Tunalosema juu ya makundi haya ni kama ifuatavyo. Huyo wa nne hatumtukani, kwani hatuijui hofu aliyokuwa nayo, na huenda kwa kitendo chake yuko mtu aliyesalimika mbele ya mtawala dhalimu katika nchi nyengine. Lakini kificho chake hakikuigeuza amri hata herufi moja. Kilimfaa mwenye kupokea siku ile, na kesho yake amri ikabaki pale pale, imsubiri mwengine. Walioigeuza ni wale waliosimama mchana, kila mmoja kwa njia yake: aliyetii huku akionyesha ubaya wa amri, aliyeipeleka amri mbele ya hakimu, na aliyesema "hii ni kazi yangu" akangojea matokeo. Hao ndio tunaoona walikuwa na haki zaidi. Mwenye ilimu inayowafaa watu haimfalii kuizika kwa sababu ya amri mbaya, wala haimfalii kuipinga amri hiyo kwa uongo. Na ambaye dhamiri yake imemwambia asitii, basi asiwe na haya ya kuulizwa.

Na mwisho wao ulikuwaje? Novemba 1996 Rais Clinton aliziondoa programu hizi za watu wa kawaida katika orodha ya silaha, zikahamishiwa Wizara ya Biashara, ijapokuwa ruhusa bado ilitakwa. Mei 1999 mahakama ya rufani ilikubaliana na Bernstein kwamba msimbo wake ni maneno yanayolindwa na katiba yao. Ikaamuliwa kesi isikizwe tena na mahakimu wengi zaidi, lakini kabla ya hayo serikali yenyewe, Januari 2000, ilibadilisha kanuni: msimbo uliotolewa hadharani waweza kuwekwa mahali pa watu wote, maadamu mwenyewe ameiarifu serikali mahali ulipo. Aprili mwaka huo mahakama nyengine ya rufani ikasema katika kesi ya Junger kwamba msimbo walindwa na katiba. Machi 2002 watu wa Debian walianza kuzirudisha programu za usimbaji katika ghala kuu, na toleo lao la Julai mwaka huo likawa la kwanza kuwa nazo ndani. Toleo la 2.6 la kiini cha Linux, lililotoka Desemba 2003, lilikuwa na usimbaji wake wenyewe. Na Machi 2021 hata ile arifa iliondolewa kwa msimbo huria unaotumia njia za usimbaji zilizozoeleka. Haikufutwa mipaka yote, kwani yako bado makatazo juu ya nchi zilizowekewa vikwazo. Lakini mlango uliokuwa umefungwa umefunguliwa, nao ulifunguliwa kwa hoja.

Wala mtu asidhani mambo haya yamekwisha. Hamu ya watawala ya kutaka ufunguo wa kila nyumba hulala na kuamka. Februari 2025 kampuni ya Apple iliwaondolea watu wa Uingereza aina ya kufuli kubwa kabisa la kuhifadhia vitu vyao, baada ya kuenea habari kwamba serikali ya huko imetaka ipewe njia ya kuingilia. Suala ni lile lile, ila limebadilisha nguo: zamani lilikuwa juu ya mgeni, na sasa ni juu ya raia mwenyewe. Nchi yetu ya Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Hilo ni jambo jema. Lakini haki iliyoandikwa karatasini yahitaji kufuli mlangoni, na kufuli hilo, kama tulivyoona, limetengenezwa na watu waliokataa kuambiwa kwamba wengine wapewe bovu. Siku likija shauri la kulidhoofisha, tusiwe ni wale wanaocheka na kusema halituhusu.

Limebaki neno moja, nalo ni juu yetu wenyewe. Twaikasirikia serikali itakayo kuzisoma barua za watu, nasi je? Ni wangapi katika sisi wanaoichukua simu ya mke, au ya mtoto aliyekwisha balehe, au ya mfanyakazi, wakaipekua bila ya sababu ila kudhani vibaya? Ni wangapi wanaoletewa neno la siri asubuhi, na kabla ya adhuhuri wamelitia katika makundi ya simu ya watu mia mbili? Kupelelezana aibu ni jambo tulilokatazwa, na siri ya mtu ni amana. Hapana fundi, awe wa Helsinki au wa Calgary, awezaye kututengenezea kufuli la kuzuia hiyana ya mwenye ufunguo. Mtu aliyekuamini akakupa ufunguo wake, wewe ndiye kufuli lake.

Hii ndiyo jawabu yetu kwa kijana wetu. Fanya kazi yako kwa programu hizo bila ya wasiwasi, na ujue walioziacha zikufikie walilipa nini. Ukijaaliwa nawe kutunga kitu kinachowafaa watu, usiwape walio mbali kilicho pungufu ukajiwekea kilicho kizima. Na ukikutwa na amri mbaya, ipinge kwa jina lako na kwa hoja yako. Mwenye kuona kwamba tumekosea katika haya atuandikie hoja zake, nasi tutazichapa kama zilivyo. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.